Sabuni Aliyoletewa Mwanne

Miaka ya dhiki, sabuni ilipoadimika, Mwanne alifulia majani ya mpapai. Kwa hiyo ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilipokuja, na mumewe Swedi akalijaza duka lake la Kondoa sabuni za kila rangi, aliona wameokoka. Moja Swedi alimletea nyumbani.

"Oga na hii asubuhi na jioni. Nataka nikipita na mke wangu watu wageuke."

Watu waligeuka kweli. Mwanne alitakata, akasifiwa, akashika mimba, akaendelea kuoga.

Shamila alizaliwa akilia vizuri tu. Lakini alifika miaka mitatu hajatamka neno. Alipopelekwa shule hakukalishika. Aliwauma wenzake, akacheka, ghafla akapiga mayowe na kujigonga kichwa ukutani. Mwalimu akamrudisha nyumbani.

"Kwetu hakuna mtu wa namna hii," Swedi alisema. "Hayo ni ya upande wenu."

Mwanne akambeba mwanawe, akapanda basi la Dodoma.

Daktari Methusela alimpima mtoto, kisha akaitazama mikono ya mama: myeupe, ila vifundo vya vidole vyeusi tii.

"Mama, unajichubua?"

Mwanne akatoa sabuni mkobani. Daktari akasoma karatasi yake, akaisukuma mbali.

"Hii ina zebaki. Inapenya ngozi, inaingia kwenye damu, inamfikia mtoto tumboni. Inaudhuru ubongo wake, tena inavuruga homoni za tezi la shingo, ambazo ndizo zinazosimamia ubongo huo unapojengwa. Huko inakotengenezwa, kuiuza ni marufuku. Wanatutengenezea sisi."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemfanya hivi?"

"Siwezi kuapa kwamba ni sabuni; watoto huwa hivi kwa sababu nyingi. Ila usiiguse tena. Na wewe hukuambiwa, mama. Kosa ni la aliyejua akanyamaza."

Aliposhuka kwenye basi Kondoa hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani moja kwa moja. Akamkuta wifi yake Stara, mimba imemjaa, ananusa kipande cha sabuni ileile.

"Weka chini hiyo, Stara!"

"Umepandwa na nini?" Swedi akafoka.

Mwanne akamweleza yote. Swedi akacheka. "Serikali imesema ruksa. Maduka yote yanauza, nami nifunge?"

"Baba Shamila, ulijua?"

Swedi akapangapanga vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. "Yule wa duka la jumla alisema wajawazito wasiitumie. Nikadhani maneno tu ya watu."

"Ukanitazama naoga! Miezi yote ile, tumbo hili hapa, ukanitazama! Kisha ukaniambia ni ya upande wetu!"

Alilikokota boksi la sabuni mpaka nje, akalimwaga, akazikanyaga sabuni moja moja hadi visigino vikauma. Watu walicheka, wakasema ni wivu, hataki wenzake watakate. Jioni ile alipewa talaka.

Akahamia kwa kaka yake. Siku za kliniki alikaa langoni akiwaonya wajawazito. Wengine walisikia, wengine walimjibu, "Mbona wewe ulitakata?" Stara aliacha kuoga sabuni ile. Swedi hakuacha, aliiuza kutoka chini ya meza.

Mwaka uliofuata Swedi alituma mtu kuuliza kama angerudi.

"Mwambie aje amlee mwanawe kutwa moja," Mwanne alisema. "Amlishe, amwogeshe, ang'atwe yeye. Kisha tutazungumza."

Swedi hakuja.