Nikaha na Laini ya Akiba

Mvua ilikata barabara ya Saadani siku moja kabla ya nikaha ya mdogo wangu wa kike, nami niko upande usiofaa. Nilikuwa nimetumwa kutengeneza mtandao wa ofisi moja ndogo kule. Kazi ya kwenda na kurudi, waliniambia. Radi ilikuwa imeunguza dishi la mtandao, ofisi ikabaki na njia ya akiba: laini ya simu ya mezani, ambayo ruta, kile kisanduku kinachoelekeza mawasiliano, ilipaswa kuitumia kupigia makao makuu Dar, kutuma taarifa, kisha kukata. Ilipiga vizuri sana. Kukata ndiko ilikokataa.

Baba yetu alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wa mdogo wangu, mwenye haki ya kumwozesha, ni mimi. Kabla mnara wa simu za mkononi nao haujazimika, tulikubaliana kwamba watanipigia pale ofisini, nimpe shehe uwakala kwa simu mbele ya mashahidi. Wakinikosa hadi alasiri, angeozesha baba mdogo, yule ambaye hata matanga ya baba hakuyakanyaga.

"Kaka, yule simtaki," mdogo wangu alisema. "Nataka wewe."

Sasa simu pekee niliyoijua pale ilikuwa hiyo ya mezani, na mashine ilikuwa imeikalia.

Asubuhi ya nikaha niliuchomoa waya wa laini kwenye ruta. Nilipourudisha, kwa laini mbovu ya mvua, ruta ilihangaika kweli kuipata Dar tena, na mkuu wa ofisi akaapa kwamba atakayeugusa waya ule ataogelea mpaka kwao. "Maliza kazi, fundi," aliniambia. "Ikishaachia, simu ni yako." Nikarudi kwenye kile chumba kisicho na dirisha, nikakaa. Mto nje, waya ndani, na mimi katikati nimebanwa kama dagaa kwenye tenga.

Ruta zina desturi yao. Kila baada ya muda mfupi moja humuuliza mwenzake, upo? Naye hujibu, nipo. Ndivyo zinavyojua kwamba njia ingali hai. Lakini ile yetu ilikuwa imeambiwa iishike laini maadamu kuna mazungumzo, iiachie pakiwa kimya. Taarifa zilikuwa zimekwisha kwenda zamani. Kilichobaki ni salamu tupu, upo, nipo, upo, nipo, na kila salamu ikihesabiwa kuwa mazungumzo. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, nimelelewa kusalimia mpaka kuulizia kuku wa jirani. Siku ile nilizichukia salamu kwa moyo wangu wote.

Kwa hasira nikazizima. Ruta ya Dar ikadhani tumekufa, ikafuta njia ya kuja kwetu, na mkuu akaja anafoka kwamba majibu hayarudi. Nikazirudisha. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini anayesema hivyo huwa hana nikaha inayomngoja.

Nikaanza upya, polepole. Nikaziandikia ruta zote mbili njia ya kudumu, zisije zikasahauliana zikinyamaza. Kisha nikaiambia yetu: salamu pokea, lakini usizihesabu kuwa kazi. Adhana ya alasiri ikaanza. Nikaitazama taa ya modemu, kidude kinachoipigia ruta simu, nikaomba. Ikazimika.

Simu ikalia hapo hapo.

"Kaka! Tangu adhuhuri tunapiga, inatumika tu! Siku ya nikaha yangu, unaongea na nani?"

"Nipe shehe kwanza," nikamwambia. Akampelekea shehe simu. "Nimekuwakilisha umuozeshe mdogo wangu," nikasema, kisha nikarudia ili mashahidi wasikie.

Shehe akaiweka simu mkekani bila kuikata. Nikaisikia hotuba. Nikamsikia bwana harusi akisema amekubali, halafu vigelegele, halafu masinia, na mtu akiuliza nani kaondoka na mrashi wa kunyunyizia marashi. Hakuna aliyekumbuka kwamba mimi bado nipo. Machozi yakanitoka, na sikuona haya.

Mkuu akachungulia mlangoni.

"Fundi, nina taarifa ya kutuma. Laini imeshaachia?"

Nikaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Bado, mzee," nikamwambia. "Inatumika."