Jiwe la Wadha

Marhoun alikuwa mlinzi wa skuli mjini Ibra, Omani, hata akastaafu. Mtu mkavu; ukimwamkia, alikujibu kama umemtukana. Alizaliwa Unguja, akaja kijijini kwa wazee wake akiwa mtu mzima, na hapo kijijini hakupenda kitu ila jiwe moja lililojengewa katika ukuta wa msikiti wa zamani. Limechongwa: "Wadha binti Obaid ameliweka jiwe hili kwa mwanawe Hamood, aliyefia bara ya Sawahil. Muombeeni."

Hamood huyo ndiye babu yake Marhoun. Kaburi lake hakuna alijuaye. Zamani mama aliweza kumlilia mwanawe kwa tindo. Siku hizi hata kilio kinangoja kamati.

Mwaka 1997 msikiti ukavunjwa, ujengwe wa marumaru. Mkuu wa kamati alikuwa Musallam, mtoto wa binamu yake, aliyekulia Bujumbura, simu haimtoki mkononi.

"Ammi, majina ya watu msikitini ni bidaa, uzushi katika dini," alisema. "Na dizaini haina nafasi."

"Basi nipe, nikaliweke kwangu."

"Mali ya wakfu haitoki. Tutalitumia hapahapa."

"Wapi?"

"Utaliona siku ya ufunguzi, inshallah. Fimbo yako ya ulinzi uiache nyumbani."

Mafundi wakacheka.

Siku ya ufunguzi akaliona. Wamelilaza mahali pa kutawadhia, maandishi juu. Fundi akamweleza kwa fahari kwamba mikwaruzo ile inazuia watu kuteleza. Watu wanasugua nyayo juu ya jina la Hamood, uchafu unajaa ndani ya herufi.

Marhoun akarudi nyumbani. "Fakhriya, nipe tindo na nyundo."

"Unakwenda kuling'oa?" mkewe aliuliza.

"Halitoki. Wamelimwagia saruji."

Akapiga magoti penye maji, akaanza kulibandua jina la babu yake, herufi moja moja, kisha la Wadha. Musallam akaja mbio.

"Tazameni! Kelele zote zile, kumbe mharibifu ni yeye!"

"Mimi nimelifuta," alisema Marhoun bila kuinua kichwa. "Wewe umelikanyaga. Tutaulizwa, ewe mwana wa hasara."

Vigae vya jiwe na vumbi lake akavifunga kilembani, akavizika pembeni mwa makaburi, akasimamisha mawe mawili, kama desturi ya kaburi la mwanamume. Hayakuandikwa kitu.

Fakhriya akamuuliza mbona hakualika mtu maziko.

"Nimwalike nani? Kijiji kizima kina miguu mibichi."