Daktari wa Mawe ya Kunolea

Karakanani tulimwita Daktari, maana hakuna jiwe la kunolea, yale ya duara yanayozungushwa na mashine, lililougua asijue dawa yake. Chuma kikitoka na alama nyeusi za kuungua, angesema jiwe limeziba, lichongwe uso. Mashine ikitetemeka, angekagua kama jiwe limekaa sawa kabla hajamfokea mtu. Na jiwe jipya halikufungwa mpaka alining'inize kidoleni kwa tundu lake la katikati, aligonge kwa mpini wa bisibisi na kutega sikio. Jiwe zima hulia. Lenye ufa hutoa sauti butu, na ukilifunga hivyo hivyo linaweza kupasuka likakurukia usoni.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa dunia yake. Mkewe alishafariki. Chumbani kwake kulikuwa na kiti kimoja, kinatazama picha ya marehemu ukutani. Dada yake, ndugu pekee aliyebaki, alikuwa ameacha kumtembelea Jumapili.

"Amenisusa," aliniambia, akanuna kutwa nzima kana kwamba dada mwenyewe ni mimi.

Asubuhi moja likaja boksi la mawe mapya. Akagonga la kwanza, akaliweka pembeni. La pili, pembeni. Mwishowe boksi likabaki tupu, naye anawaka.

"Wametuuzia mabovu matupu!"

Msimamizi akaokota moja, akaligonga. Likalia mpaka mimi niliyekuwa mlangoni nikalisikia.

"Mzee, mbona hili zima?"

"Gonga tena."

Akagonga tena. Daktari akautazama ule mkono, kisha akatutazama nyuso zetu. Miaka nenda rudi kwenye kelele za mashine ilikuwa imemmaliza masikio, na kwa kuwa pale sote huongea kwa kupayuka, hakuna aliyegundua, hata yeye. Angeweza kutafuta kisingizio. Kwa maneno hajambo huyo. Hakutafuta.

"Basi mbovu ni mimi," akasema. "Msinipe tena jiwe. Nitakuja kuua mtu."

Roho iliniuma. Jioni nikamsindikiza, maana sikuipenda sura yake. Akakataa kwenda kwake. Alitaka kwa dada yake, kugombana au kulia, sijui.

Dada akatufungulia, uso ameukunja.

"Leo ndiyo umenikumbuka?"

Ilibidi arudie kwa sauti.

"Si wewe uliyeacha kuja?" Daktari akafoka.

"Mimi? Jumapili baada ya Jumapili nagonga mlango wako mpaka vidole vinauma! Nachungulia dirishani, nakuona umekaa pale, umenipa kisogo, unamtazama wifi yangu. Nikasema basi, kaka hanitaki."

Sauti yake ilikuwa imekatika mwishoni. Daktari akanigeukia.

"Anasemaje?"

Nikamwinamia sikioni, nikamrudishia yote, neno kwa neno. Aliushika mkono wa dada yake, akawa anavikagua vile vidole, kimoja kimoja.