Trekta Tulizoziombea Uani

Asifiwe Mungu, anayenyeshea shamba la mwenye trekta na la mwenye jembe bila kuuliza nani ni nani. Amenipa umri mrefu kuliko nilioomba. Namshukuru, hata siku ambazo nyumba yangu ya Kampemba, hapa Lubumbashi, haina sauti nyingine ila ya saa ya ukutani.

Nimeuza mashine za kilimo mjini humu zaidi ya nusu ya maisha yangu. Mke wangu alikaa kwenye meza ya mbele, mimi nikakaa depo, kwenye ghala la nyuma. Alipotangulia kwa Bwana niliendelea kufungua, lakini wateja walipungua, na mara nyingine nilisema "karibu" kumbe ni upepo tu umesukuma mlango. Nikaamua: binti yetu wa pekee asipokuja kulishika duka, nitalifunga kabla ya mvua.

Alikuja kutoka Kolwezi na mpango wa kurasa nyingi kwenye kompyuta: tawi katika mji jirani wa Kipushi, trekta kubwa zaidi, matangazo ya redio.

"Papa, tukibakia hivi, bengine batatumeza."

"Iko muzuri, mama. Lakini wewe utabakia?" nilimwuliza binti yangu.

Akafunga kompyuta. "Kwanza nione kama iko kitu ya kubakia nayo."

Kesho yake tulikwenda kumwona mama mmoja mkulima kwenye barabara ya Kipushi, aliyenunua kwetu trekta kubwa. Siku aliyoinunua tuliiombea kama zote: watu wa kanisa wakaizunguka uani mwa duka, wakaimba, naye akapiga honi mara tatu. Ndiyo ilikuwa desturi yetu.

Tuliikuta chini ya paa la nyasi, kuku ametamia kwenye kiti.

"Papa wa trakta! Kwanza mupige hodi, mwenye nyumba iko ndani," mama yule alisema. "Mulituuzishaka trakta ao nyumba ya makuku?"

Binti yangu akacheka.

"Cheka, mwanangu. Papa yako aliiombea muzuri, hata mwizi hajaigusa. Alisahau tu kuuliza itageukia wapi."

Nikatazama shamba. Vichuguu vya mchwa vilisimama kila upande, vingine virefu kuliko nyumba. Nimezaliwa katika nchi hii ya vichuguu, na bado niliuza mashine kwa kutazama katalogi. Niliomba radhi. Mama alitupa mayai matatu.

Garini binti yangu aliuliza, "Bangapi baliuziwa hivi?"

"Sijui. Sikuendaka kuona."

Jioni ile alifuta karibu mpango wote. Tutauza trekta ndogo za kuongozwa kwa mikono, zinazopita kati ya vichuguu. Hakuna mashine itakayotoka kabla mmoja wetu hajakanyaga shamba, na maombi yatafanyika kulekule, juu ya udongo. Ile kubwa tutairudisha, tumpe mama yule trekta ndogo badala yake.

"Nitabakia, Papa," alisema. Nikainua mikono kumshukuru Mungu. "Lakini Kipushi. Mwenye kuangalia mashamba hawezi kuyaangalia toka Kampemba."

Nilikuwa nimeomba abaki. Mahali sikupataja.

Sasa kampuni inapumua. Mazito bado yako mbele: mvua inachelewa, mafuta yanakosekana, mashine za bei ndogo zinaingia bila vipuri, na vijana wanapenda shimo la madini kuliko shamba. Hayo atayabeba yeye. Kazi yangu ni kumtumia vipuri anavyoomba. Ananipigia simu akiwa shambani, injini ikinguruma, nami nasikia nusu tu ya maneno. Naitikia "ndiyo" ili asikate upesi. Kisha napika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja. Kipimo chake kilinisumbua kukijua, kwa kuwa mkono umezoea cha watu watatu.

Wewe unayesoma, Mungu akupe shamba linalofaa chombo chako, na mtu wa kula naye jioni. Na akimtuma mbali huyo mtu, akupe subira, akubariki mezani pako. Amina.