Kasuku Afunga Mdomo

"Jino lenyewe ni la kudondoka," shemeji alikuwa anasema, mswaki bado mdomoni. "Unatengenezaje kitu cha kudondoka? Ni sawa na kupaka rangi nyumba inayobomolewa kesho."

"Na nywele je?" dada akamuuliza. "Si zinaota tena? Mbona hufungi saluni?"

Chai ikanipalia. Shemeji akanitazama vile anavyomtazama mteja anayedai amenyolewa upande.

Shemeji ni kinyozi. Mtaa mzima unamwita Kipara, maana kichwa chake hakina unywele hata wa kusingizia. Ukimtania anakwambia hana muda wa kichwa chake, muda wake wote ni wa kichwa chako. Mimi shule niliachana nayo mapema, sasa natengeneza simu kwenye kameza kalikobanwa kona ya saluni hiyohiyo. Mchana niko naye, jioni niko naye, ugomvi wao naujua kama nyumba yangu.

Ugomvi wa siku hiyo ulikuwa wa gego la binti yao. Mtoto ana miaka sita, tunamwita Kasuku kwa sababu akiamka anaanza kusema na usingizi ndio unaomnyamazisha. Gego la chini lilikuwa na shimo, na siku hizo alikuwa anatafuna upande mmoja kama mtu aliyenuna. Dada alishampeleka kwa daktari wa meno, akaambiwa uozo umefika kwenye mshipa lakini bado haujashuka mizizini. Watengeneze upesi. Likivimba likatunga usaha, la kung'oa tu.

"Wang'oe basi," Kipara akasema. "Lingine litaota."

"Litaota baada ya miaka. Kabla halijaota, majirani watasogea kukaa pale. Likija litakuta pamejaa."

"Litatafuta pengine."

"Ndiyo, litatafuta pengine. Mwangalie huyu." Akaninyooshea kijiko. "Meno yake yote yalitafuta pengine."

Nikafunga mdomo, chai ikapoa.

Mwisho dada alisema ana nguo za watu kwenye cherehani, leo zamu ni ya baba mtu, na mimi nifuate nyuma nihakikishe hawaishii kwenye kona ya kwanza. Kipara akavaa shati lake jeupe, lile lililopigwa pasi. Njia nzima alikuwa anajigamba.

"Wenzangu watoto wao wakiona kiti wanapiga kelele. Huyu wangu kwenye kiti hana mpinzani."

Hapo hakusema uongo. Saluni nyingine mtoto akinyolewa utadhani anachinjwa. Kwa Kipara wanakaa kama mawe. Ana mtindo wake. Mtoto akishapanda kitini, anamfunga kitambaa shingoni, anatangaza: "Bunge limefungwa." Hapo ni marufuku kufungua macho, mdomo, wala kutikisika, nywele zisije zikaingia. Watu wazima kwenye benchi nao wanaleta uchokozi. Wewe mtoto, mama yako nani? Wewe, mbona jino limeanguka hapa? Kipara mwenyewe ndiye mbaya zaidi, anasema kwa sauti ya upole kabisa, "Basi, mchezo umekwisha, hebu sema aaa." Ukisema, umeshindwa. Usiposema, anafungua kitambaa, anakikung'uta, anakupiga brashi shingoni na kutangaza, "Bunge limefunguliwa." Halafu unachagua pipi kwenye kopo.

Kasuku alianza mchezo huo kabla hajajua kutembea vizuri. Hajawahi kushindwa.

Chumba cha daktari kilinuka karafuu. Ukutani kulikuwa na picha ya jino linalocheka, na taa yenye mkono mrefu ilining'inia juu ya kiti. Kipara alipokiona kile kiti alisahau kilichomleta.

"Kinalala chenyewe?" Akakanyaga kitu chini, kiti kikapanda. Akakanyaga tena, kikashuka. "Aisee, shemeji, umeona?"

"Baba," daktari akasema, "hicho si cha kuchezea." Alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani ameipandisha juu ya paji la uso, na alivyosema polepole ulijua amezoea wakaidi wa kila umri.

Kasuku akapanda mwenyewe huku akisema. Alikuwa anamweleza daktari habari za paka wa jirani. Kiti kikalala, daktari akamfunga kitambaa cha karatasi shingoni, akawasha taa.

Paka akaishia hapohapo. Macho yakafungwa, mdomo ukafungwa, mikono ikawekwa mapajani.

"Haya, mama, fungua mdomo tuone hilo gego."

Midomo ikabanwa.

"Anaogopa," daktari akasema.

"Haogopi," Kipara akajibu. "Huyu haogopi."

Daktari alijaribu yote. Alimpa kioo kidogo akishike, Kasuku hakukishika. Alipuliza glavu ikawa kama kuku, akaiwekea macho kwa kalamu. Mimi nilicheka, mtoto hakucheka. Nilivyomtazama nikaona ni kweli haogopi. Miguu imetulia, anapumua kama mtu aliyelala. Anashinda mchezo.

Kipara naye akawa ameshaelewa, nikaona upara unaanza kutoa jasho.

"Fungua, mwanangu," akasema kwa upole. "Basi, mchezo umekwisha. Hebu sema aaa."

Midomo ikabanwa zaidi. Hayo ndiyo maneno yake yaleyale ya saluni. Lakini jicho moja lilifunguka kidogo, likaangalia mkono wa baba yake, likafungwa tena.

"Anatafuta nini mkononi mwako?" daktari akauliza.

"Hatafuti kitu."

"Baba."

"Pipi," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Unampa pipi ili afungue mdomo?"

"Hapana. Nampa akifunga."

Daktari akashusha miwani ili amwone vizuri. "Lini?"

"Akinyolewa."

"Na siku ambazo hanyolewi?"

"Anakuja kukaa kitini hivyohivyo," nikasema mimi. Kipara akanigeukia taratibu, nikajua nimeongeza neno.

"Ngoja," daktari akasema. "Wewe ndiye kinyozi wa karibu na kituo cha mafuta?"

"Ndiye."

"Sasa nimeelewa. Wananiletea watoto, vichwa vimenyolewa safi kabisa, nikifungua mdomo magego yote mashimo."

"Safi kabisa, eh?" Kipara uso ukamng'aa. "Umeuona ule mstari wa mbele? Ule situmii rula."

Daktari akamgeukia mgonjwa wake. Alimshika Kasuku shavu kwa kidole. "Bado halijavimba. Likivimba sitakuwa na cha kutengeneza, nitang'oa. Na nje kuna watoto wengine wanasubiri."

Kipara akaacha kutabasamu. Alimwangalia binti yake alivyolala pale, mtiifu kuliko watoto wote duniani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikumsikia akisema jino ni la kudondoka. Akasogea. Akafungua kile kitambaa cha karatasi, akakikung'uta mara mbili, ingawa hakikuwa na kitu. Brashi hakuwa nayo, akampangusa shingo kwa kiganja.

"Bunge limefunguliwa."

"Baba, hiki kiti kinalala," Kasuku akaanza, "na ile taa ina macho mengi, na daktari ana nywele puani, na yule paka wa..."

Kioo kilikuwa kimeshaingia. "Endelea kusema, mama," daktari akamwambia. "Usikome."

Alipojaribu kumrudishia kitambaa, mdomo ulijifunga papo hapo. Ikabidi Kipara ajilaze kwenye kiti alichokitamani, amshike mtoto juu yake, bila kitambaa, maji yote yakaishia kwenye shati jeupe. Daktari alipaka dawa kwenye fizi, kisha ikaja sindano ya ganzi. Kasuku alisema "aah" moja tu. Kipara aligeuka rangi, akaomba mahali pa kukaa, nikamkumbusha kwamba amelala.

Mashine ikalia. Uozo ukatoka vipande vyeusi.

"Unakata mpaka wapi?" akauliza, shingo ameipinda.

"Kilichooza, na kamshipa ka juu kalikougua. Ka chini kwenye mizizi ni kazima, nakaacha."

"Kama kunyoa. Mizizi huigusi."

"Kama kunyoa," daktari akakubali, labda ili anyamaze.

Akaweka dawa, akaziba, mwisho akaleta kofia ndogo ya chuma. "Ng'ata. Kwa nguvu." Ikaingia, ikalia tik.

"Tumewahi," akasema. "Litakaa mpaka la ukubwani liwe tayari, kisha litadondoka na kofia yake."

"Na hiyo kofia itakuwa ya nani?" Kipara akauliza.

"Yenu."

Akaridhika. Kasuku alipewa kioo, akaliona gego linang'aa, akataka kujua kwa nini meno mengine hayajavalishwa. Alipoambiwa hayajaoza alikasirika, kasirani ya mdomo uliokufa ganzi upande mmoja.

"Mwangalieni asijing'ate mdomo mpaka ganzi iishe," daktari akasema. "Sasa, baba, tuje kwenye kopo."

"Kopo gani?"

"Baba."

"Daktari, wewe una sindano ya ganzi. Mimi nina nini?"

Hapo daktari alicheka kwa mara ya kwanza. "Tafuta kingine. Mtu anayeweza kumfanya mtoto akae vile hashindwi kutafuta kingine."

"Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara ameweka televisheni," Kipara akalalamika. Kasuku alikuwa anajipapasa shavu, analibonyeza kama la mtu mwingine. Baba yake akamtazama kwa muda. "Haya," akasema, lakini aliiambia sakafu. "Kopo nalitoa."

Simu yake ikalia. Mwenye simu alikuwa na sauti kubwa, sote tulimsikia: mama mmoja mteja wetu, mwenye mapacha wanaong'ata wakinyolewa, yuko mlangoni mwa saluni nao, wanapigwa picha leo, Kipara yuko wapi?

"Nakuja," akasema. Akasikiliza. "Hapana, mama, pipi hakuna. Zimekwisha. Hazitakuwepo tena." Akasikiliza zaidi, akifunga vifungo vya shati lililolowa. "Basi usiondoke. Mmoja utamshika wewe."

Akaniachia mtoto, akatoka haraka, bila hata kukiangalia kile kiti.