Maua Yaliyohamia kwa Jirani

Mzee mmoja, fundi wa kuchomelea aliyestaafu, alikuwa na mke aliyepooza upande mmoja. Dirisha la chumba cha mgonjwa lilitazamana na ukuta wa jirani, matofali matupu. Mzee akachoka kumwona mkewe akikodolea macho matofali yale. Akachomelea wavu wa nondo, akauegemeza ukutani, akapanda mche wa maua ya kutambaa.

Mmea ule ulikuwa na haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mvua hazijaisha, ulishafika juu. Lakini upande wa dirisha palikuwa na kivuli, basi ukavuka ukuta kufuata jua. Maua yote, ya zambarau, mapana kama visahani, yakachanulia kwa jirani. Kwa mzee yakabaki majani.

“Mume wangu,” mkewe akamtania, ulimi bado mzito, “umempandia maua mwanamke mwingine.”

Mzee alicheka, ila moyo ulimuuma.

Asubuhi jirani akabisha hodi. Alikuwa mshonaji, mjane, na kwa miaka mingi hawakuwa wamevuka salamu. Mzee alidhani amekuja kulalamika.

“Shemeji, maua yale si yangu,” mshonaji akasema. “Mlete mwenyewe ayaone.”

Mzee akambeba mkewe mgongoni. Tangu augue, hakuwa amevuka geti. Mshonaji alishaweka kiti chenye mito chini ya maua.

Siku hizi wanawake wale hukaa pale kila alasiri, wakipiga soga hadi mzee aite, “Jamani, nirudishieni mke wangu!”

“Subiri kidogo,” mkewe hujibu. “Hatujamaliza kukusengenya.”