Shikamoo ya Fanueli Mtoni

Fanueli Shemweta alipasua mbao kwa miaka kumi na minane katika misitu iliyo nyuma ya mlima Mlinga, na miaka yote hiyo alikuwa mtu wa juu. Kazi ile ni ya watu wawili. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu yake akiuongoza msumeno kwenye mstari wa mkaa, mwenziwe huwa shimoni akivuta, unga wa mbao ukimwagikia machoni. Wa juu akipinda, ubao nao unapinda. Fanueli hakupinda.

Alikuwa Msambaa wa Bumbuli, aliyehamia upande wa Muheza na mkewe Ruthi wakati vijana wengi wa milimani walipoteremka kutafuta kazi mashambani mwa mkonge. Mkonge ulimshinda kwa wiki mbili tu, akaufuata msitu. Katika usharika mdogo wa Kilutheri pale kijijini alikuwa mzee wa kanisa, na watu walimwogopa kidogo kwa ukweli wake. Jumapili moja mchungaji alimsifu mbele ya wote kwa jinsi alivyosikiliza mahubiri kwa utulivu. Fanueli akasimama, akasema, "Mchungaji, nilikuwa nimesinzia."

Mtu wake wa shimoni alikuwa Mwinyijuma wa Tongoni, Mwislamu, mtu wa pwani mwenye maneno mengi, ambaye hakuna aliyejua kilichompandisha mlimani. Yeye alimwita Fanueli "mgosi", kama watu wa pwani wanavyowaita Wasambaa wote, na Fanueli alimwacha.

Mwaka wa hamsini na nne, masika yalipokuwa yanakwisha, wawili hawa walipiga kambi ndani kabisa, mwendo wa siku nzima kutoka kijijini, palipokuwa na mvule ulioanguka wenyewe kwa upepo. Waliezeka kibanda kwa majani, wakachimba shimo, wakaanza kazi. Wiki ya pili Mwinyijuma akarudi kutoka kukata kuni akiwa na maganda ya msambu mkononi. Msambu ni mti wa msituni wenye matunda makubwa kama kichwa cha mtoto, na panya buku huyapenda mno.

"Mgosi, hebu tazama hili. Panya buku huguguna. Hili halikugugunwa. Limepasuliwa."

Fanueli akaligeuza. Tunda lilikuwa limetenganishwa vipande viwili, kama mtu anavyopasua chungwa kwa vidole gumba. Yeye mwenyewe alihitaji panga kulifungua.

"Nyani," akasema.

"Nyani wa mikono gani?"

Fanueli akayaweka maganda pembeni, akapanda juu ya gogo, akashika msumeno.

Siku tatu baadaye, asubuhi, Fanueli alichukua debe akateremka kijitoni kuchota maji ya uji. Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na ukungu ulikuwa umelala chini, miti ikitokeza juu yake kama imesimama ndani ya maziwa. Alikuwa amekwisha piga magoti ukingoni ndipo alipogundua kwamba hasikii kitu. Saa ile mbega huwa wananguruma na ndege hondohondo hupita wakipiga makelele. Asubuhi hiyo msitu wote ulikuwa umefunga mdomo.

Akainua uso.

Ng'ambo ya kijito, hatua kumi na tano hivi, palikuwa na kitu kimechuchumaa kikinywa maji. Kilikuwa kinayateka kwa kiganja, taratibu, na kila kilipopeleka kiganja kinywani maji yalichuruzika kwenye manyoya ya kifua. Manyoya yalikuwa marefu, rangi ya udongo mwekundu uliolowa, na mgongoni yalikuwa yameanza mvi. Mabega yalikuwa mapana kuliko mlango wa kanisa lao. Fanueli alijua kila mnyama wa msitu ule kwa sauti, kwa kinyesi na kwa harufu. Huyu hakuwa mmojawapo.

Debe likagonga jiwe.

Yule akasimama. Hakushtuka. Alisimama kama mzee anavyoinuka kwenye kigoda, mkono mmoja juu ya goti, na akaendelea kuinuka hata Fanueli, aliyekuwa bado amepiga magoti, akawa anamtazama kama mtu anavyotazama kilele cha mti kabla hajaukata. Kisha yule akamtazama. Uso haukuwa na manyoya. Ulikuwa mweusi, wenye makunyanzi, na macho yalikuwa yametulia.

Baadaye watu walimuuliza kwa nini hakukimbia, kwa nini hakupiga yowe, kwa nini hakuomba. Fanueli mwenyewe hakujua. Kitu kilichomjaa kifuani hakikuwa hofu tu. Kilikuwa kama kile kilichomjaa alipokuwa mtoto, alipoingizwa kanisani mara ya kwanza watu wote wakiimba. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Shikamoo," akasema.

Yule akainamisha kichwa upande, kama mtu anayejaribu kushika neno lililomponyoka. Akatoa pumzi ndefu, na mvuke wake ukaonekana wazi. Halafu akageuka, akapanda mteremko wa ng'ambo kwa miguu miwili, bila haraka, bila kuvunja hata kijiti, na ukungu ukajifunga nyuma yake. Muda si muda hondohondo wa kwanza akalia.

Fanueli alirudi kambini bila maji. Mwinyijuma alipomwona alitupa sufuria chini.

"Mgosi! Umeumwa na nyoka?"

Akamweleza, kila kitu, pamoja na ile shikamoo. Mwinyijuma, ambaye angecheka hata matangani, hakucheka. Alimfuata kijitoni, wakavuka. Kwenye tope palikuwa na nyayo mbili, vidole vitano kila moja. Fanueli akavua kiatu chake cha katambuga, akaweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja. Ulizama kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake. Mwinyijuma akasoma Kulhuwallahu mara tatu kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Sijui nimesoma kumfukuza au kumsalimu."

Siku hiyo hawakupasua mbao.

Mwinyijuma alipokwenda kijijini kununua unga, ulimi ulimzidi nguvu. Haikupita wiki, akafika kambini Uweso, mwindaji mwenye bunduki, aliyejulikana tangu Muheza hadi Maramba. Kuna mzungu wa mashambani, alisema, aliyekuwa tayari kulipa vizuri kwa ngozi ya mnyama asiyejulikana.

"Nionyeshe mto tu, kaka. Mengine niachie."

"Mahali napajua," Fanueli akasema. "Lakini sikupeleki."

"Basi sema uliona nyani mkubwa, niende zangu."

"Sikuona nyani."

"Uliona nini, basi?"

"Nilichokiona nilikiona. Jina lake sikupewa. Lakini yule alinitazama akaniacha, nami siwezi kumletea bunduki."

Uweso akamkazia macho. "Unasema 'yule' kama unamsema jirani."

"Ndiyo," akajibu Fanueli.

Uweso aliingia msituni peke yake. Alikaa siku nne, akatoka na nguruwe mwitu mmoja na homa kali.

Kijijini hadithi ilikuwa imekwisha fika na kuota pembe. Watoto waliwaamkia mbuzi shikamoo, Fanueli akipita. Wazee wenzake wa kanisa wakamwita. Mmoja alisema ni pombe, ingawa wote walijua hakuwahi kuigusa. Mwingine akamwomba kwa upole aseme tu kwamba ukungu ulimdanganya. Fanueli alipenda sana kusoma somo kanisani siku za Jumapili, na alijua wanachokusudia. Hata hivyo akasema ukungu ulikuwepo, lakini haukumdanganya. Wakampumzisha kusoma hadi mavuno. Akakubali, akakaa benchi la nyuma.

Ruthi hakumuuliza neno miezi yote hiyo. Kisha asubuhi moja ya kiangazi alifunga viazi kwenye kitambaa, akasema, "Baba Eliudi, nipeleke."

Walitembea siku nzima, wakalala kwenye kile kibanda, na kulipokucha wakaenda kijitoni. Ruthi alikuwa mwanamke ambaye hata akichambua mboga peke yake husema. Alikaa juu ya jiwe, akavuta kanga mabegani, akatazama ng'ambo. Hakikuja kitu. Mbega walipita juu, maji yakaenda, jua likashuka kati ya miti vipande vipande hadi miguuni pao. Kutoka asubuhi hadi adhuhuri hakufungua kinywa, na Fanueli, akimtazama kwa pembeni, aliona kwamba amevua viatu.

Mwishowe akainuka, akiongea kwa sauti ya chini ambayo mtu huitumia akiwa nyumbani kwa watu.

"Tuondoke, mume wangu. Hapa pana mwenyewe."

Akaviacha vile viazi juu ya jiwe, wakaanza kushuka kurudi kijijini.